Umeokota watoto wa paka? Tulia kwanza, tuongee

Habari zenu wapendwa. Tangu baridi ya Juni ianze, simu yangu imejaa meseji za paka, za Arusha na za Moshi, na karibu zote zinaanza vilevile: nimeokota watoto wa paka, nifanyeje. Leo nimechagua chache. Niseme mapema kwamba mi si daktari wa mifugo, mi ni mlezi tu, napokea watoto wa paka wa mtaani nawakuza mpaka wafikie umri wa kwenda kwa mtu, na katika kazi hii nimeshaona kwamba wengi wanaotufia mikononi wanakufa kwa sababu tulikuwa na haraka. Tunaharakisha kuwaokota, kuwanywesha, kuwaogesha, mwisho tunaharakisha kuwagawa. Kwaiyo kwenye majibu mtaniona nawarudisha nyuma nyuma sana, naomba mnivumilie.

*

SWALI: Shikamoo anti. Niko Sakina. Mafundi walikuwa wanahamisha matofali nyuma ya nyumba wakakuta watoto wa paka wanne, macho bado hayajafunguka. Mama yao hatujamwona tangu jana asubuhi. Mwanangu kawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, sasa wanaharisha na mmoja kalegea kabisa, ukimshika ni wa baridi hata kulia halii. Nimpe nini huyu apate nguvu? – Mama wa Sakina

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo aliyelegea usimpe kitu chochote mdomoni kwa sasa. Najua inauma kumwangalia hivyo bila kumpa hata tone, lakini mtoto wa paka akishakuwa wa baridi tumbo lake linasimama kufanya kazi na kumeza kwenyewe kunakuwa kwa shida, kwaiyo maziwa utakayompa ama yanaenda kwenye mapafu ama yanakaa tumboni yanachacha. Joto kwanza, chakula baadaye. Hii ndo sentensi naomba uiandike ubandike ukutani kabisa.

Namna ya kumpasha: mweke ndani ya nguo yako kifuani ngozi kwa ngozi, funika na khanga au sweta, ukae hivyo hata saa nzima au zaidi, taratibu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimweke juu ya kitu kinachounguza, akipashwa kwa ghafla anaweza kufa palepale. Akianza kupata joto utamwona anajinyoosha, anahangaika na kichwa akitafuta chuchu, ukiingiza ncha ya kidole kisafi mdomoni unakuta ndani kuna uvuguvugu. Hapo sasa unaweza kumpaka glukosi kidogo sana kwenye fizi, na baada ya hapo ndo maziwa.

Watoto wa umri huo hawawezi kutengeneza joto lao wenyewe, wanategemea mwili wa mama mpaka wafike wiki 3 au 4. Kiota chao wiki ya kwanza kinatakiwa kiwe kama nyuzi 30 hivi, na we unajua usiku wa Julai hapo Sakina unavyokuwa, nyuzi 12 na wakati mwingine chini ya hapo. (Ndugu zetu wa Moshi mjini wana nafuu kidogo, wako chini zaidi, ila wa Kibosho na Machame huko juu msijidanganye.) Chukua boksi, tandika kitambaa kizito, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, izungushie taulo, iweke upande mmoja tu wa boksi ili wakizidiwa na joto waweze kusogea upande wa pili, na uibadilishe kila ikipoa maana chupa ikishapoa inawanyonya joto badala ya kuwapa. Na jamani, jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa eti kuwapasha paka. Ule moshi usioonekana unaua paka na unaua na watu.

Sasa maziwa. Ya ng'ombe acha leo hii, na ya mbuzi vilevile si suluhisho. Yana sukari ya maziwa, ile laktozi, kuliko tumbo lao linavyoweza kubeba, na protini yake iko kama nusu tu ya ile ya maziwa ya paka, kwaiyo mtoto anaharisha na bado ana njaa. Kuna maziwa ya unga maalum ya watoto wa paka, ulizia kliniki za mifugo za mjini na supamaketi kubwa zinazouza chakula cha paka, ukikosa mwombe daktari wa mifugo akuagizie. Wakati unatafuta, kwa siku moja mbili tu, watu hutumia maziwa yasiyo na laktozi na kuchanganya kiini cha yai. Ni daraja la kuvukia, usikae hapo.

Unawanyweshaje? Bomba la sindano dogo bila sindano yenyewe, au chupa ndogo yenye chuchu. Mtoto wa paka ananyonya akiwa amelala kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimenyanyuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Hapa ndo wengi wanapopoteza watoto, maziwa yanamwingia njia ya hewa, anapaliwa, siku mbili baadaye ana nimonia na mlezi hajui imetoka wapi. Nenda tone kwa tone, mwache yeye avute. Maziwa yawe ya uvuguvugu, ujaribu kwenye mkono. Mtoto wa gramu 100 tumbo lake linabeba kama mililita 4 kwa mara moja, na kwa siku nzima anahitaji kama 20, na wiki ya kwanza unampa kidogo kidogo kila masaa mawili mpaka matatu, usiku nao upo ndani. Ukisikia mtu anakwambia nimelea wa siku mbili na nilikuwa nalala usiku kucha, ujue alikuwepo mtu mwingine anaamka.

Kabla au baada ya kunyonya chukua pamba au kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, msugue taratibu sehemu ya haja mpaka akojoe. Mama yao anafanya hivyo kwa ulimi, wao wenyewe hawawezi mpaka wafike kama wiki 3. Nimeshaletewa watoto wenye matumbo yamejaa kama ngoma, mtu kawanywesha vizuri kabisa ila hakuna aliyemwambia hili.

Halafu tafuta mzani wa jikoni ule wa dijitali, ndo kifaa muhimu kuliko vyote, pima kila siku saa ileile uandike. Wanatakiwa kuongeza gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Siku ambayo uzito umesimama ni tahadhari, ukishuka ni kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri kuona kama kesho atachangamka. Na kwa hao wako kuharisha kwenyewe kunatosha kuwapeleka leo, viumbe wadogo kiasi hicho wanaishiwa maji ndani ya masaa.

*

SWALI: Habari dada. Hapa Pasua, Moshi, paka wa mtaani kazalia juu ya dari ya stoo yetu. Nawasikia wanalia mchana, jirani anasema niwashushe sasa hivi kabla mama hajawahamisha. Nataka kuwalea mpaka wapate watu. Niwachukue? – Msomaji wa Pasua

JIBU: Hapana dada, waache. Mama yupo, na mama yao aliyekonda na mchafu bado anawalea vizuri kuliko mimi na wewe na kopo la maziwa. Maziwa yake ya siku za kwanza yana kinga ambayo hakuna duka linauza. Kulia mchana mara nyingi ni kwamba mama kaenda kutafuta chakula, anaweza kukaa masaa kadhaa, na wewe ukisimama pale chini na ngazi hatarudi mpaka uondoke.

Kama huna uhakika anarudi, nyunyiza unga kidogo kuzunguka njia anayopitia, wa sembe unatosha, halafu ondoka kabisa. Ukikuta alama za nyayo ujue anaingia na kutoka. Watoto walioshiba na wenye joto wanalala wamelundikana, kimya. Walioachwa wanalia mfululizo mpaka sauti inakauka, matumbo yamebonyea, wa baridi. Hao ndo unawachukua. Na ukikuta mtoto mmoja peke yake katikati ya njia, mara nyingi mama yuko katikati ya kuhamisha, anabeba mmoja mmoja, we kaa mbali uangalie.

Unachoweza kufanya sasa hivi ni kumlisha mama. Dagaa, mabaki ya samaki yasiyo na viungo, maji safi, kila siku saa ileile na pahali palepale. Akikuzoea ataanza kukusubiri, na watoto wakifika wiki 4 au 5 wanaanza kushuka wenyewe kufuata chakula. Hapo ndo unawaingiza ndani, pamoja na mama yao kama anashikika.

Na huyo mama usimsahau watoto wakishapata kwao. Paka anabeba mimba siku 63 mpaka 65 tu, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Huko kwenye nchi za baridi kali paka wanapumzika kuzaa miezi ya mchana mfupi, maana jike anaingia kwenye joto (yaani anataka dume) kwa kufuata urefu wa mchana. Sisi huku karibu na ikweta mchana haupungui sana, kwaiyo anazaa tu mwaka mzima. Zungumza na daktari wa mifugo mapema umfunge kizazi, na mkiwa majirani watatu wanne mkachanga hela mzigo unakuwa mwepesi. Bila hivyo utakuwa unalea watoto wake kila baada ya miezi michache, na dari ni ileile.

*

SWALI: Anti mambo. Niko Kijenge, nina watoto wa paka wawili wa kama wiki 5, wamejaa viroboto hadi machoni. Jamaa wa duka la pembejeo ameniambia nichanganye ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kidogo tu niwatumbukize. Nimeinunua tayari, ni salama? – Kijana wa Kijenge

JIBU: Usiifungue mdogo wangu! Irudishe au mpe mfugaji mwenye ng'ombe. Dawa za kuogeshea ng'ombe, unga wa viroboto wa kuku, dawa za mbwa za kudondoshea mgongoni, hizo zote zina vitu ambavyo mwili wa paka unashindwa kuvitoa. Ini la paka halifanyi kazi kama la mbwa wala la ng'ombe, na kuna dawa moja iko kwenye bidhaa nyingi za mbwa inaitwa permethrin, paka akiipata anaanza kutetemeka, anapata degedege, na wengi hawaamki. Kupunguza kipimo hakusaidii. Na kwa sababu hiyohiyo ya ini, panadol usimpe paka hata robo, hata akiwa na homa, hata kama umeona mtu anampa mbwa wake.

Viroboto wenyewe lakini usiwachukulie poa. Kwa mtoto mdogo wanamaliza damu kweli kweli. Mfunue mdomo umwangalie fizi, zikiwa za pinki uko salama, zikiwa nyeupe kama karatasi mkimbize kwa daktari sasa hivi.

Kama wamechangamka na wanakula, andaa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Anza kumpaka povu shingoni kama kola, maana viroboto wakihisi maji wanakimbilia kichwani, hiyo povu inawazuia. Halafu osha mwili, kichwa usikizamishe, usoni tumia kitambaa tu. Mtoe, mfute, mkaushe mpaka manyoya yawe makavu kabisa, mchana wa jua ndo wakati wake, siyo jioni. Kisha pitisha kichana chenye meno ya kubanana na kila kiroboto unachokitoa unakidumbukiza kwenye maji ya sabuni. Rudia kuchana kila siku. Matandiko yao fua na maji ya moto, maana mayai ya viroboto yako huko kuliko kwenye paka mwenyewe. Zipo dawa za viroboto za paka zinazofaa, ila kila moja ina umri na uzito wake, apime daktari.

Na ukishawapeleka muulizie na minyoo. Watoto wanaipata kupitia maziwa ya mama yao, kwaiyo hata aliyezaliwa ndani ya nyumba safi anayo. Dawa ya maji inaanza wakiwa na wiki 2 na kurudiwa kila baada ya wiki 2, kipimo kinafuata uzito. Tumbo kubwa na mgongo wa mifupa ni minyoo, usiseme ameshiba.

*

SWALI: Mi mwanafunzi, napanga Njiro, nimeachiwa watoto watatu wana meno tayari na wanatambaa chumba kizima. Naweza kuwapa ugali na dagaa? Na hiyo habari ya kujisaidia kwenye mchanga wanafundishwaje? – Mwanafunzi wa Njiro

JIBU: Wakishatoa meno na wanatembea vizuri wako kama wiki 4, wanaanza kula. Dagaa sawa, ugali hapana, ugali unajaza tumbo tu na paka anahitaji nyama, ameumbwa hivyo. Loweka dagaa utoe mchanga na chumvi, chemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka), toa vichwa, saga laini, changanya na ule mchuzi wake. Huo mchuzi usiumwage. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho paka asipokipata macho na moyo vinaharibika, na ukichemsha nyama sehemu ya taurini inahamia kwenye maji. Maini wape kidogo mara mojamoja. Kama unaweza kumudu chakula cha dukani, nunua cha watoto wa paka, cha mbwa hakitoshi hata kidogo. Wape kidogo kidogo mara 4 au 5 kwa siku, na maziwa yao endelea kuwapa mpaka waonyeshe wenyewe hawayataki.

Kujisaidia wala hufundishi sana. Weka karai la chini, tia mchanga au maranda, na kila wakimaliza kula au wakiamka waweke humo. Wanajua wenyewe kufukua. Ule mchanga wa dukani unaogandana ukilowa usiwape bado, watoto wanaonja kila kitu na ukigandana tumboni ni shida nyingine.

Mdogo wangu, cheza nao pia, na uwabebe, waambie na wenzako wawashike, wasikie redio, wasikie sufuria zikigongana. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndo paka anajifunza binadamu ni rafiki au ni adui. Mtoto aliyelishwa vizuri ila akakaa boksini bila kushikwa atakuja kuwa mkubwa anayejificha chini ya kitanda, na kumpatia mtu itakuwa kazi.

*

SWALI: Tengeru hapa. Nina paka wangu mkubwa ndani, nikileta watoto wa mtaani nawachanganya tu? – Mama wa Tengeru

JIBU: Wiki 2 wakae chumba chao, na vyombo vyao na karai lao, na ukitoka kwao unanawa na kubadilisha nguo ya juu. Kuna ugonjwa wa virusi unaitwa panleukopenia, unaleta kutapika na kuharisha, unaweza kumaliza kundi zima la watoto ndani ya siku chache, na kirusi chake kinakaa kwenye nyumba hata mwaka. Sabuni ya kawaida hakiisikii. Osha kwanza uchafu, halafu pitisha jiki, sehemu moja kwa maji sehemu 32, acha dakika 10 ndo usuuze. Na paka wako mkubwa awe na chanjo kabla ya wageni kuingia.

*

SWALI: Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi minne, ninalea watoto wa paka wawili. Mama mkwe wangu wa Kiboriloni anasema paka wanatoa mimba na mtoto atazaliwa na pumu, niwatupe. Sitaki kumvunjia heshima mama ila roho inaniuma. – Mkwe

JIBU: Marahaba mpenzi, na hongera. Kwanza mama hajasema uongo wote, mpe heshima yake. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma, paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi, na mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto au mimba kutoka. Hilo ni kweli. Ila kwenye kinyesi kinachukua siku 1 mpaka 5 kabla hakijaweza kuambukiza, kwaiyo karai likisafishwa kila siku hatari inapungua sana, na wengi hata hawakipati kwa paka wao, wanakipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kwaiyo: karai asafishe baba mtoto, kila siku, siyo wewe. Bustani uvae glovu. Nyama choma iive mpaka ndani, kachumbari ioshwe. Na kliniki ya wajawazito mwambie nesi kwamba unaishi na paka, akushauri.

Pumu ni suala jingine, kuna watu miili yao inakataa paka, wanapiga chafya, kifua kinabana. Mwenye pumu ndani ya nyumba asilale chumba kimoja nao. Mkalishe mama mkwe, mweleze utaratibu mliouweka na kwamba paka wenyewe ni wa muda, wakifika umri wanaondoka. Wazee wengi wakisikia kuna mpango wanalegea.

Na niongeze kwa wote. Paka wa mtaani akikung'ata au kukukwaruza, hata kitoto, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa tu, na dalili zikishaanza hakuna tiba.

*

SWALI: Watoto wangu wa paka wana wiki 5, wanakula wenyewe, wazuri mno, na watu hapa Sombetini wanawagombania, mmoja anataka leo jioni ampelekee mwanae zawadi ya birthdei. Mwingine anataka wa kukamata panya stoo ya mahindi. Nimpe nani? – Dada wa Sombetini

JIBU: Leo jioni usimpe mtu yeyote. Wiki 8 ndo mwanzo, na mi nikiweza nafika 10 au 12. Wiki 5 anakula, ndio, lakini bado anajifunza kwa ndugu zake, akimng'ata mwenzake kwa nguvu mwenzake analia na kuacha kucheza, hivyo ndo anajua kuzuia meno. Ukimtoa sasa ukampeleka kwa mtoto wa miaka minne, atakwaruza, mama mtu atachukia, na baada ya wiki utamkuta paka yuleyule kwenye dampo. Zawadi ya kushtukiza ya kiumbe hai siikubali, mzazi ndo atakuja kumlea, kwaiyo mzazi mwenyewe aje, amuone, aseme anamtaka.

Mi naangalia hivi: ana uzito unaokaribia kilo moja, anakula chakula kigumu, anatumia karai, ameshapata dawa ya minyoo zaidi ya mara moja, hana mafua wala kuharisha wala mabaka ya fangasi kwenye ngozi (hayo yanahamia kwa watoto wa watu), na ameshaanza chanjo, ya kwanza wiki ya 6 mpaka 8 halafu zinarudiwa kila wiki 3 au 4. Ya kichaa cha mbwa inaanza miezi 3, hiyo mwachie mpokeaji ila aiahidi, na mkae macho kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maana chanjo za kampeni mara nyingi zinatangazwa karibu na tarehe hiyo. Mpe na karatasi yenye tarehe za kila kitu, hata kama umeandika kwa mkono.

Yule wa stoo ya mahindi mimi simkatai kabisa, nyumba nyingi hapa kwetu zinapenda paka kwa kuanzia na panya halafu mwisho anaishia kulala kwenye kochi. Ila muulize maswali mawili. Atamlisha? Maana watu wanaamini paka mwenye njaa ndo anawinda, wakati paka asiyelishwa anahama tu. Na la pili, anaweka sumu ya panya? Kama anaweka, hapana. Panya aliyekula sumu anatembea taratibu, paka anamkamata, na sumu ileile inammaliza paka. Achague kimoja, sumu au paka.

Nenda ukaone anapokaa. Barabara iko karibu kiasi gani, kuna mbwa, mwenye nyumba anaruhusu wapangaji kufuga? Swali hili la mwenye nyumba linaokoa paka wengi sana. Kama wawili wanapendana jaribu wapate nyumba moja. Kubalianeni kuhusu kufunga kizazi, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mwambie kabisa kwamba akishindwa amrudishe kwako asimtupe. Kumtesa mnyama ni kosa, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini zaidi ya sheria mtu akijua hutamfokea akirudisha, atarudisha.

Na yule mweusi, maana najua yupo, huwa kuna mweusi anabaki wa mwisho sababu ya maneno ya uchawi. Usimlazimishe mtu anayemwogopa. Subiri naye, atapata wake.

*

SWALI: Nawalea tangu wana siku chache, mmoja alikufa wiki ya 2 na bado najilaumu. Waliobaki wanachukuliwa Jumamosi na nahisi siwezi kuwatoa. Nibaki nao wote? – Msomaji wa Majengo, Moshi

JIBU: Pole sana mpenzi, pole kwa kweli. Wengine wanazaliwa na kasoro ambazo wewe wala daktari hamzioni, wanazima usiku mmoja bila sababu, na uliyekuwa unaamka kila masaa matatu si wewe uliyemuua. Lia, hakuna ubaya.

Kubaki nao, kama nyumba na mfuko vinaruhusu, baki na mmoja. Wote hapana. Nafasi uliyonayo ndo kitanda cha wanaofuata, na ukiijaza, siku utakayopigiwa simu kuna boksi Mbuyuni sokoni utasema sina pa kuweka. Wapokeaji waombe wakutumie picha kila mwezi, wengi wanatuma bila hata kukumbushwa. Jumamosi wafungie kila mmoja kipande cha tandiko lao la zamani wasilie sana usiku wa kwanza, na waambie waliowachukua waendelee na chakula kilekile kwa wiki nzima kabla ya kubadilisha.

*

SWALI: Natamani kusaidia ila nafanya kazi kutwa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, Moshono. Nafaa? – Kaka wa Moshono

JIBU: Unafaa kaka, ila usichukue waliofumba macho, hao wanataka mtu wa kushinda nyumbani. Chukua wa kuanzia wiki 5 au 6, wanaokula wenyewe. Unawalisha asubuhi kabla hujatoka, unaacha maji, karai safi, chumba kisicho na dirisha wazi wala nyaya za umeme chini wala sumu ya mende, ukirudi unawalisha na kukaa nao sakafuni. Anza na wawili, mmoja peke yake kutwa nzima atakuwa mpweke. Na walezi wa wachanga wanakutafuta sana mtu kama wewe, maana wakishafika umri huo ndo nyumba inakuwa imejaa, kwaiyo pita kliniki ya mifugo iliyo karibu nawe uache namba yako ya simu, waambie unapokea wanaokula.